Faili la DLL usilolijua: namna ya kulichunguza kabla ya kuliamini au kulifuta

Jina geni linaloishia na .dll humfikia mtumiaji wa Windows kwa njia chache: antivirusi imelitaja, dirisha la kosa limedai halipatikani, au limeonekana tu katikati ya maelfu ya mafaili ndani ya System32. Wengi huliandika jina hilo kwenye kitafutio na kufuata jibu la kwanza. Hapo ndipo watu hujiumiza, kwa sababu jina la faili halithibitishi chochote. Mhalifu anaweza kulipa faili lake jina la faili la Microsoft, na faili halali la Microsoft linaweza kuwa na jina la kutisha. Mwaka 2001 na 2002 zilisambaa barua pepe zilizowaonya watu kwamba sulfnbk.exe na jdbgmgr.exe ni virusi. La pili lilikuwa na ikoni ya dubu mdogo, na hilo peke yake likatosha kuwatia watu wasiwasi. Yote mawili yalikuwa mafaili halali ya Windows, na walioamini onyo wakayafuta kwa mikono yao wenyewe.

Kwa hiyo weka jina kando na utafute ushahidi wa aina nne: faili limekaa wapi, nani amelitia sahihi ya kidijitali, heshi yake (alama ya vidole ya faili) inajulikana na nani, na programu gani inalipakia. Ushahidi mmoja peke yake hautoshi kulipitisha wala kulihukumu. Ukikusanya yote minne, mara nyingi jibu hujitokeza bila ubishi.

Kabla ya kugusa chochote

DLL ni maktaba ya msimbo ambayo programu nyingine huiita ili kufanya kazi fulani: kuchora dirisha, kusoma sauti, kuwasiliana na printa. Likiwa limelala kwenye diski bila kuitwa, halifanyi lolote. Likipakiwa, linafanya kazi kwa mamlaka yote ya programu iliyolipakia. Ndiyo maana usijaribu kuliendesha kwa rundll32 au kulisajili kwa regsvr32 "ili kuona linafanya nini". Msimbo wake wa kuanzia hukimbia pale pale linapopakiwa, kabla hujaona dalili yoyote kwenye skrini.

Usilifute, usilihamishe, na usitafute "nakala safi" kwenye tovuti zinazogawa DLL moja moja. Tovuti hizo hazina njia ya kukuhakikishia faili limetoka wapi, na mara nyingi toleo wanalokupa si lile ambalo programu yako inalihitaji.

Maandalizi ni machache. Fungua File Explorer, nenda View, kisha Show, uwashe File name extensions na Hidden items. Bila hivyo, faili linaloitwa kitu.dll.exe litaonekana kama kitu.dll, na hapo umeshadanganywa kabla hujaanza. Fungua PowerShell kwa Run as administrator. Kisha pakua kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe zana tatu za Sysinternals: Sigcheck, Process Explorer na Autoruns. Ni za bure na hazihitaji kusakinishwa. Unazitoa kwenye zip na kuziendesha.

Katika amri zote zinazofuata, badilisha C:\Windows\System32\mfano.dll kwa njia kamili ya faili lako.

Faili limekaa wapi

Kwanza tafuta nakala zote zenye jina hilo kwenye diski:

```
Get-ChildItem C:\ -Filter mfano.dll -Recurse -Force -ErrorAction SilentlyContinue | Select-Object FullName, Length, LastWriteTime
```

Huchukua dakika kadhaa. Usishtuke ukiona nakala nne au tano. Kwenye Windows ya biti 64, folda ya System32 hubeba mafaili ya biti 64, na SysWOW64 hubeba yale ya biti 32, ingawa majina ya folda yanaelekea kusema kinyume. Folda ya WinSxS nayo ni ghala la vipengele vya Windows, na ni kawaida kabisa ikawa na matoleo mawili au matatu ya faili moja. Nakala hizo zikiwa na ukubwa tofauti, hilo si kosa.

Mtego mmoja huwachanganya hata mafundi: programu ya biti 32 ikiomba kusoma System32, Windows huielekeza kimya kimya SysWOW64. Basi unaona faili kwenye File Explorer, lakini zana yako ya zamani inasema halipo. Tumia toleo la biti 64 la zana hiyo, au ipe njia ya C:\Windows\Sysnative badala ya System32.

Sasa kuhusu mahali penyewe. Faili linalojiita sehemu ya Windows lakini limekaa kwenye AppData\Roaming, C:\Users\Public, C:\ProgramData, Temp au Downloads linastahili kuchunguzwa kwa makini. Hata hivyo, usikimbilie hukumu kwa sababu ya AppData peke yake. Programu nyingi halali hujisakinisha AppData\Local ili zisihitaji ruhusa ya msimamizi, na DLL zake hukaa humo humo.

Mahali pa kutilia mkazo zaidi ni kando ya faili la .exe. Programu ikiomba DLL bila kutaja njia kamili, Windows kwa kawaida huanza kuitafuta ndani ya folda ya programu yenyewe, ndipo iende System32, kisha folda ya Windows, kisha folda ya kazi ya wakati huo, na mwisho folda zilizo kwenye PATH, orodha ya folda ambamo Windows hutafuta programu. Wahalifu wanautumia utaratibu huu: wanachukua programu halali yenye sahihi safi, wanaiweka kwenye folda moja na DLL yao waliyoipa jina kama version.dll au dbghelp.dll, na programu halali inaipakia ile mbaya kwanza. Mtumiaji akiangalia, anaona programu inayoheshimika inaendeshwa. Kuna DLL za msingi, kama kernel32.dll, ambazo Windows huzilinda dhidi ya hila hii kwa kuziorodhesha kwenye rejista, yaani hifadhidata ya mipangilio ya Windows, chini ya KnownDLLs. Hizo hupakiwa kutoka System32 tu. Version.dll kwa kawaida haimo.

Kwa hiyo version.dll iliyo System32 ni jambo la kawaida, na version.dll iliyotoka kwenye zip pamoja na .exe fulani ni onyo kubwa. Isipokuwa kwa michezo: marekebisho ya michoro kama ReShade na DXVK hufanya kazi kwa kuweka DLL zenye majina ya mfumo, kama dxgi.dll au d3d9.dll, kwenye folda ya mchezo. Kama uliyaweka wewe, faili limeshajieleza.

Jina lenyewe lisome herufi kwa herufi. Linakili ulibandike kwenye Notepad kwa fonti ya Consolas, ambayo hutenganisha vizuri l, I na 1. Kerne132.dll, yenye tarakimu 1 mahali pa herufi l, haiwezi kuwa bahati mbaya. Kwa upande mwingine, majina marefu kama api-ms-win-crt-runtime-l1-1-0.dll yanaonekana kama takataka na bado ni halali: ni sehemu ya maktaba ya C ya Microsoft, na programu nyingi huja nayo.

Faili likiwa ndani ya System32, kuna vipimo viwili ambavyo watu wengi hawavitumii, na vyote ni vya sekunde chache:

```
(Get-Acl C:\Windows\System32\mfano.dll).Owner
fsutil hardlink list C:\Windows\System32\mfano.dll
```

Mafaili ya Windows yenyewe humilikiwa na NT SERVICE\TrustedInstaller. Ukiona BUILTIN\Administrators, au jina la akaunti yako, maana yake faili limeingia baadaye, ama kwa kisakinishi cha programu nyingine ama kwa mkono wa mtu. Amri ya pili huonyesha kama faili hilo hilo lina kiungo ndani ya WinSxS. Kipengele cha kweli cha Windows kwa kawaida huwa nacho, na draiva nyingi huwa na kiungo ndani ya DriverStore\FileRepository. Faili lililo peke yake System32, bila kiungo chochote, likimilikiwa na Administrators, huenda likawa la programu halali ya zamani. Lakini si la Windows, hata maelezo yake yakidai hivyo.

Maelezo hayo, yaani yale ya kichupo cha Details yanayosema "Microsoft Corporation", ni maandishi tu. Anayetengeneza DLL huandika anachotaka. Yasome, usiyape uzito.

Tarehe nazo zinadanganya. Tarehe ya kuundwa na ya kubadilishwa zinaweza kuandikwa upya na programu yoyote yenye ruhusa. Na ukitumia zana inayoonyesha tarehe ya kutengenezwa iliyo ndani ya faili lenyewe, usistaajabu DLL ya Windows 10 au 11 ikidai imetengenezwa miaka mingi ijayo. Microsoft huweka pale thamani inayotokana na maudhui ya faili badala ya saa halisi, ili msimbo uleule utoe faili lilelile kila unapokusanywa. Wengi wamelishuku faili safi kwa sababu ya jambo hili.

Alama moja ya asili inafaa kutazamwa, hasa kwa faili lililo Downloads au lililotolewa kwenye zip:

```
Get-Content .\mfano.dll -Stream Zone.Identifier
```

ZoneId=3 inamaanisha limetoka intaneti, na mara nyingine HostUrl huonyesha anwani kamili lilikopakuliwa. Amri ikileta kosa, alama hiyo haipo, na kutokuwepo kwake hakuthibitishi kitu.

Nani amelitia sahihi

Huu ndio ushahidi wenye nguvu kuliko mwingine, na ndio unaosomwa vibaya kuliko mwingine.

Njia ya kawaida ni kubofya kulia, Properties, kichupo cha Digital Signatures. Tatizo ni kwamba mafaili mengi ya Windows hayana kichupo hicho kabisa. Sahihi zao hazimo ndani ya faili. Zimo kwenye katalogi, yaani mafaili ya pembeni ya sahihi, zinazohifadhiwa C:\Windows\System32\CatRoot. Mtu anayetegemea kichupo tu ataona DLL halali ya Microsoft "haina sahihi" na kuifuta. Tumia PowerShell, ambayo hutazama kote kuwili:

```
Get-AuthenticodeSignature C:\Windows\System32\mfano.dll | Format-List Status, StatusMessage, SignatureType, IsOSBinary, SignerCertificate
```

Status ikiwa Valid, sahihi ni nzima na mnyororo wa vyeti unaaminika. SignatureType ikiwa Catalog, ndiyo hali niliyoieleza. Ikiwa Authenticode, sahihi imo ndani ya faili. IsOSBinary ikiwa True, ni sehemu ya Windows yenyewe.

NotSigned ni hali ya kupimwa kwa mahali. Programu nyingi ndogo za chanzo huria hazina sahihi kwa sababu vyeti vinagharimu pesa, kwa hiyo DLL isiyo na sahihi ndani ya folda ya programu kama hiyo, chini ya Program Files, si ajabu. DLL isiyo na sahihi ndani ya System32, inayodai ni ya Microsoft, haikubaliki.

HashMismatch ndiyo mbaya kuliko zote: sahihi ipo, lakini faili limebadilika baada ya kutiwa sahihi. Ama mtu ameingiza msimbo, ama diski au upakuaji umeliharibu. Vyovyote iwavyo, faili hilo halifai tena. NotTrusted, au UnknownError yenye ujumbe kwamba cheti cha mizizi hakiaminiki, mara nyingi ni mtu aliyejitengenezea cheti chake mwenyewe na kukiandika jina la kampuni kubwa.

Soma pia jina la mtia sahihi kwa ukamilifu. "Microsoft Windows" hutia sahihi vipengele vya mfumo. "Microsoft Corporation" hutia bidhaa nyingine, kama Office na maktaba za Visual C++. "Microsoft Windows Hardware Compatibility Publisher" inamaanisha kifurushi cha draiva cha kampuni nyingine kilichopitishwa kwa Microsoft. Mwandishi wake si Microsoft. Cheti kilichokwisha muda wake si tatizo ikiwa sahihi ina muhuri wa saa kuonyesha kwamba ilitiwa cheti kikiwa bado hai.

Sahihi inajibu maswali mawili tu: nani ametia, na kama faili limebadilika tangu hapo. Haijibu kama nia ni njema. Stuxnet, programu hasidi iliyogunduliwa 2010, ilikuja na draiva zenye sahihi za vyeti vilivyoibwa kutoka kampuni za Realtek na JMicron. Na mwaka 2020 ilibainika kwamba SolarWinds.Orion.Core.BusinessLayer.dll, faili lililosambazwa na kampuni ya SolarWinds yenyewe kwa sasisho rasmi na lenye sahihi yake halisi, lilikuwa limepandikizwa mlango wa siri. Mambo haya ni nadra kwa kompyuta ya nyumbani, lakini ndiyo sababu hatuishii hapa.

Ukitaka kukagua folda nzima kwa mara moja:

```
sigcheck64 -u -e C:\Windows\System32
```

Hii itakuorodheshea mafaili ya programu yasiyo na sahihi tu. Kwenye mfumo safi orodha huwa fupi, na kila kilichomo huweza kuelezwa kwa draiva au programu unayoijua.

Heshi, na namna ya kusoma VirusTotal

Heshi ni alama ya vidole ya faili. Badilisha baiti moja, heshi inageuka nzima.

```
Get-FileHash C:\Windows\System32\mfano.dll
```

Utapata SHA256 yenye herufi na tarakimu 64. Nakili hiyo, nenda VirusTotal, uibandike kwenye kichupo cha Search. Usianze kwa kupandisha faili lenyewe. Kinachopandishwa pale hushirikishwa kampuni za usalama na wateja wanaolipia huduma hiyo, na DLL ya mfumo wa ndani wa kampuni yako inaweza kubeba anwani za seva au hata nywila. Heshi haifichui lolote.

VirusTotal hukusanya majibu ya antivirusi zipatazo 70. Ukipata 0, usishangilie mpaka uangalie kichupo cha Details, mstari wa First Submission. Faili lililoonekana mara ya kwanza miaka mitatu iliyopita na bado lina 0 limepita mitihani mingi. Faili lililopandishwa jana na lina 0 huenda halijachunguzwa na mtu bado.

Ukipata 1 hadi 3, soma majina yaliyotolewa. Majina ya jumla yenye maneno kama Generic, Heur, ML au Suspicious mara nyingi ni makisio ya mashine, hasa yakitoka kwa antivirusi ambazo hazijulikani sana, na faili lenye sahihi nzuri likikutwa hivyo kwa kawaida ni kosa lao. Ukipata 20 na zaidi, na kadhaa zikataja ukoo mmoja wa programu hasidi kwa jina, hakuna cha kujadili. Kati ya hapo ndipo mahali pa shida, na ushahidi wa mahali na sahihi ndio utakaoamua.

Lililo muhimu zaidi ni jibu la "No matches found". Kwa faili dogo la programu ya nadra, halina maana kubwa. Lakini faili linalodai kuja na Windows, mfumo ulio kwenye kompyuta zisizohesabika, halafu heshi yake haijawahi kuonekana popote, linapaswa kukutia shaka mara moja.

Nani analipakia

Anza na amri ya Windows yenyewe:

```
tasklist /m mfano.dll
```

Itaorodhesha michakato, yaani programu zinazoendeshwa, inayolitumia sasa hivi. Iendeshe kama msimamizi, la sivyo michakato ya mfumo haitaonekana. Kwa picha kamili fungua Process Explorer kama msimamizi, bonyeza Ctrl+F, andika jina la DLL. Washa pia Options, Verify Image Signatures, kisha Ctrl+D ili kuona DLL zote za mchakato uliouchagua pamoja na watia sahihi wake.

Faili kuonekana ndani ya michakato mingi isiyohusiana kunaonekana kwa kutisha, na wakati mwingine ni kwa haki. Lakini antivirusi yenyewe, programu za kuandika lugha mbalimbali na programu zinazochora juu ya michezo hufanya hivyo hivyo. Tazama sahihi kabla ya kuogopa.

Ukikuta inapakiwa na svchost.exe, hiyo ni huduma. Jina la DLL ya huduma limeandikwa kwenye rejista, HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services, ndani ya jina la huduma husika, Parameters, thamani ya ServiceDll. Huduma yenye jina la kawaida na ServiceDll inayoelekeza ProgramData haina utetezi. Ukikuta inapakiwa na rundll32.exe, soma mstari mzima wa amri kwenye Process Explorer. Rundll32 ni zana halali, na swali ni faili lipi limekabidhiwa.

Kisha fungua Autoruns kama msimamizi, washa Verify Code Signatures na Hide Microsoft Entries kwenye Options, usubiri imalize kuskani. Hapa utaona kila kitu kisicho cha Microsoft kinachojiwasha chenyewe, na mafaili yasiyo na sahihi hupakwa rangi ya waridi. Vichupo vya Scheduled Tasks, Services na Logon ndivyo vinavyonasa zaidi. AppInit, orodha ya DLL za kupakiwa ndani ya programu nyingine, ilikuwa njia maarufu zamani, lakini Windows huizima yenyewe Secure Boot (ukaguzi wa sahihi kompyuta inapowaka) ikiwa imewashwa. Mstari wa rangi ya njano unamaanisha faili linalotajwa halipo tena.

Skani ya faili moja, na ushahidi wa Windows yenyewe

Microsoft Defender inaweza kuskani faili moja bila kuligusa:

```
& "C:\Program Files\Windows Defender\MpCmdRun.exe" -Scan -ScanType 3 -File C:\Windows\System32\mfano.dll -DisableRemediation
```

Faida ya -DisableRemediation si kwamba tu hailifuti faili. Inapuuza pia orodha ya vilivyoondolewa kwenye skani, na hilo ni jambo kubwa, kwa sababu programu hasidi hupenda kuiongeza folda yake kwenye orodha hiyo ili Defender ipite bila kuangalia. Ikague orodha yenyewe:

```
(Get-MpPreference).ExclusionPath
```

Ukiona C:\ nzima, Temp au ProgramData na si wewe uliyeiweka, kompyuta ina tatizo hata kama DLL uliyoanza nayo ni safi.

Kwa mafaili ya Windows, uliza mfumo:

```
sfc /verifyfile=C:\Windows\System32\mfano.dll
```

Sfc, zana ya Windows ya kukagua mafaili yake, ni shahidi wa mafaili yanayolindwa na Windows tu. Kwa DLL ya programu nyingine haina neno la kusema, na kimya chake kisichukuliwe kama cheti cha usafi. Ikisema faili la mfumo limeharibika, tanguliza DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ndipo sfc /scannow. DISM hukarabati ghala ambalo sfc huchotea nakala nzima. Maelezo ya kilichorekebishwa yamo C:\Windows\Logs\CBS\CBS.log.

Kwenye Linux na macOS

Linux hurahisisha kazi, kwa sababu kila maktaba halali ina kifurushi kilichoileta. Kwenye Debian na Ubuntu, dpkg -S ikifuatwa na njia ya faili hutaja kifurushi, na dpkg -V ikifuatwa na jina la kifurushi hulinganisha mafaili na heshi zilizorekodiwa. Kwenye Fedora na jamaa zake ni rpm -qf na rpm -V. Faili la .so (maktaba ya Linux, mwenzake DLL) ndani ya folda za mfumo lisilo na kifurushi, na hukuliweka wewe, ndilo la kushughulikia. Tazama pia /etc/ld.so.preload, kwenye mashine nyingi faili hilo halipo kabisa, na likiwepo, kila maktaba iliyoandikwa humo inapakiwa na karibu kila programu. Usitumie ldd kwa faili unalolishuku, kwa kuwa linaweza kuendesha msimbo wake. Readelf -d inasoma tu. Vifurushi navyo vina mipaka: matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, zana ya kubana mafaili, ya mwaka 2024 yalibeba mlango wa siri ndani ya liblzma, na kipimo cha heshi kisingeona kasoro yoyote.

Kwenye macOS, kuanzia Big Sur, maktaba nyingi za mfumo hazipo tena kama mafaili ndani ya /usr/lib. Zimekusanywa kwenye akiba moja kubwa, na diski ya mfumo imefungwa kwa sahihi. Kwa maktaba ya programu nyingine, codesign -dv --verbose=4 hutaja aliyetia sahihi.

Ukishajua

Ikiwa ushahidi unakubaliana kwamba faili ni safi, liache. Kama antivirusi yako bado inalilalamikia, liripoti kwa mtengenezaji wa antivirusi kama kosa badala ya kuizima antivirusi.

Ikiwa shida ilikuwa dirisha la "haipatikani", rekebisha chanzo. Msvcp140.dll na vcruntime140.dll huletwa na Visual C++ Redistributable. Programu ya biti 32 huhitaji toleo la x86 hata kwenye Windows ya biti 64, na hapo ndipo wengi hukwama wakiwa wameshasakinisha x64 peke yake. D3dx9_43.dll na xinput1_3.dll huletwa na DirectX End-User Runtime ya Juni 2010. Nyingine zote, sakinisha upya programu iliyolalamika.

Ikiwa bado hujui, usilifute. Zima kinachoiwasha kwa kuondoa tiki yake kwenye Autoruns, washa kompyuta upya, uangalie nini kimeacha kufanya kazi. Tiki hurudishwa kwa bofyo moja. Faili la mfumo lililofutwa linaweza kukuacha na kompyuta isiyowaka.

Ikiwa ni hasidi, kata mtandao kwanza. Hifadhi heshi na njia ya faili mahali fulani, utazihitaji kutafuta maelezo ya ukoo wake. Kisha Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, Microsoft Defender Offline scan; kompyuta itajiwasha upya na kuskani kabla Windows haijapanda, wakati ambapo DLL haijapakiwa na haiwezi kujitetea. Iache antivirusi iliweke karantini badala ya kulifuta kwa mkono. Badilisha nywila zako, ukianza na barua pepe na benki, kwa kutumia kifaa kingine. Kama DLL ilikuwa inapakiwa na huduma ya mfumo, au uliikuta na draiva yake, sakinisha Windows upya. Mtu aliyekuwa na mamlaka ya mfumo anaweza kuwa ameacha vingine ambavyo hujavitafuta.

Baada ya usafi, huenda kila unapoingia likatokea dirisha la RunDLL linalosema moduli fulani haikupatikana. Watu hudhani virusi vimerudi. Ni kinyume chake: faili limekwisha kuondoka, lakini kazi iliyopangwa au ingizo la rejista lililokuwa linaliita bado lipo. Lisome jina kwenye dirisha hilo, litafute kwenye Autoruns, litakuwa kati ya mistari ya njano, kisha ufute ingizo lake.